Barua ya wazi kwa serikali za pwani yetu: mafuta yakimwagika, nani anampigia nani simu?

Kwa Waheshimiwa Mawaziri na Wakuu wa taasisi zinazosimamia bahari, bandari, mazingira na uvuvi katika nchi za magharibi mwa Bahari ya Hindi.

YAH: USHIRIKIANO WA SERIKALI ZENU MAFUTA YANAPOMWAGIKA BAHARINI

Waheshimiwa,

Naandika kwa heshima, na naandika hadharani kwa sababu njia ya kimyakimya nimeimaliza. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri wa "imepokelewa". Ya pili na ya tatu nilizituma kwa baruapepe. Ya nne ndiyo iliyopata jibu: suala hili ni la kimataifa, liko juu ya uwezo wa ofisi hii. Nikapanda ngazi. Huko juu nikaambiwa malalamiko ya wavuvi huanzia ofisi ya chini. Nimezipanda na kuzishuka ngazi hizo mara mbili. Mara ya tatu magoti yamekataa.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi katika diko moja, yaani mahali boti za uvuvi zinapotia nanga na kushusha samaki, lililo karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Sitalitaja diko wala upande liliko, maana nikiutaja upande tu, nusu yenu mtaikunja barua hii mkisema hayo ni ya wenzetu. Na hilo ndilo ninalolilalamikia.

Nianze na kilichotupata. Asubuhi moja ya maji ya bamvua, bahari ilipotoka, tulikuta ufuo una madoa meusi kutoka miambani hadi mlango wa kijito. Yalikuwa madonge ya lami. Mengine madogo kama punje za kunde, mengine ya ukubwa wa kiganja, machache mapana kama sahani. Juu yameshika mchanga na kuonekana makavu, lakini ukilikanyaga moja linapasuka na ndani bado ni laini, linanata kwenye unyayo, na sabuni haliogopi. Majarife mawili, nyavu zetu za kutega, yaliyolala baharini usiku ule yalipanda meusi.

Nilipiga simu ya kwanza kabla ya saa mbili asubuhi. Ofisi ya kwanza ikanielekeza ya pili. Ya pili ikauliza kama meli iliyomwaga nimeiona. Nikasema sijaiona. "Basi mzee, bila meli sisi tutaanzia wapi?" Ya tatu ikaniuliza swali ambalo sijalisahau hadi leo: "Mna hakika yametoka maji yetu? Kama yametoka upande wa pili, wao ndio wa kuarifiwa." Nikampigia mwenzangu wa diko la upande wa pili, mtu tuliyejuana naye miaka mingi kwa kutafutiana maboya yaliyokatika na boti zilizozimika mashine. Naye alikuwa ufuoni kwake, ana madonge yale yale, na alikuwa ameshaulizwa swali lile lile kuhusu sisi.

Tukazoa wenyewe kwa siku tatu. Watu 31, jozi 4 za glavu. Tulijaza magunia 63, tukayapanga chini ya mkungu tukisubiri gari la kuyachukua. Gari halikuja. Jua likayapiga, lami ikayeyuka, ikachuruzika kwenye nyuzi za magunia na kurudi mchangani, safari hii chini kabisa ambako reki haifiki. Hadi leo ukichimba pale chini ya mti, unakutana nayo.

Waheshimiwa, kumwagika kwa mafuta ni ajali, na ajali haina kinga asilimia mia. Simlaumu yeyote kwa madonge yale. Ninachokilalamikia ni yaliyofuata, nayo nayapanga hapa moja moja.

1. Mkataba upo, namba ya simu haipo.

Nchi 10 za ukanda huu, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa, Ufaransa ikiwamo kwa ajili ya Réunion, zimo katika Mkataba wa Nairobi. Mkataba huo ulipitishwa mwaka 1985 na kuanza kutumika mwaka 1996. Sambamba nao ilipitishwa itifaki mahsusi ya kushirikiana kupambana na uchafuzi wa bahari nyakati za dharura. Yaliyomo ni mazuri: kuarifiana, kuwa na mipango ya dharura, kusaidiana mmoja anapozidiwa. Mwaka ule wa 1985 mimi nilikuwa kijana nafundishwa kutega dema. Sasa nina mvi, na katika miaka yote hiyo sijaona ubao hata mmoja, katika diko lolote la pande zote mbili nilikowahi kutia nanga, ulioandikwa: ukiona mafuta baharini, piga namba hii.

Msinijibu kwamba mipango ya kitaifa ipo. Najua ipo, na nimewahi kuoneshwa jalada lake. Nilimwomba aliyenionesha anisomee jina la ofisa wa kupigiwa simu katika nchi jirani. Akafungua, akafunga, akasema atanitafutia.

2. Mkondo hausubiri barua.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kiini.

Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Upepo wa kusi ukivuma, unapata nguvu. Kaskazi ikiingia, unazubaa, na huko kaskazini mwa Kenya unakutana na mkondo wa Somalia unaoshuka kusini. Haya hatukuyasoma kwenye semina. Boya likikatika msimu wa kusi tunajua tulifuate wapi.

Sasa tufanye hesabu ya shule ya msingi. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde, ambao kwa msimu wa kusi wala si mkali, unakwenda kilomita 43 kwa siku. Juu ya hapo, mafuta yanayoelea husukumwa kwa takriban asilimia 3 ya kasi ya upepo. Upepo wa mita 8 kwa sekunde ukivuma kuelekea huko huko, unaongeza kama kilomita 20 nyingine. Kutoka Tanga hadi Vanga, upande wa Kenya, kwa njia ya maji hazifiki kilomita 60. Kwa hiyo mafuta yaliyomwagika Tanga alfajiri yanaweza kuwa Vanga alfajiri inayofuata, na baada ya hapo njia ni ile ile: Shimoni, Wasini, matumbawe ya Kisite. Pemba nayo iko ng'ambo tu ya mkondo, na Zanzibar ina mamlaka zake za bahari na mazingira, kwa hiyo hata ndani ya nchi moja simu zinazohitajika ni zaidi ya moja.

Wala wa kusini wasijione wamesalimika. Kaskazi inapovuma na mkondo ukiwa mlegevu, mafuta hukaa kwenye ghuba yakipanda na kushuka na maji, leo upande huu, kesho ule.

Kwa saa hizo 24, serikali zenu zinafanya nini? Taarifa rasmi ya serikali moja kwenda nyingine hupita wizara ya mambo ya nje. Inaandikwa, inapitiwa, inasainiwa, inatumwa, inapokelewa, inagongwa muhuri. Sidharau utaratibu huo. Kwa mambo ya mabalozi ni sawa. Ila mafuta yakiwa majini, ofisa wa zamu wa bandari ya Tanga anatakiwa awe na namba ya mkononi ya ofisa wa zamu wa Mombasa, ampigie kabla hajajua meli ni ipi, mafuta ni kiasi gani, wala kosa ni la nani. Kuarifu si kukiri kosa. Nadhani hofu hiyo ndiyo inayofunga midomo ya wengi.

3. Vifaa vinalala mpakani.

Siku ya pili ya kuzoa, wenzetu wa upande wa pili walikuwa wamemaliza kwao, maana kwao yaliingia machache. Wakatuletea mabuti, glavu, reki, na mita 40 za kizuizi cha kuelea walichoachiwa na mradi mmoja uliokwisha. Tulitaka kuufunga mlango wa kijito kabla bamvua haijasukuma madonge kwenye mikoko. Mzigo wote ulilala kwenye kituo cha mpakani siku tano.

Ofisa aliyeuzuia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu, na fomu ilitaka jina la bidhaa, thamani yake, na kama inaingia kuuzwa au itarudi ilikotoka. Alikigeuza kile kizuizi mara mbili, akaniuliza, "Mzee, hii ni nyavu?" Nikamwambia hapana, ni ya kuzuia mafuta. Akatazama karatasi zake. "Na hayo mafuta yenyewe mbona hayamo kwenye hati?"

Tulicheka sote wawili, naye akatupatia maji ya kunywa. Kizuizi kilipotoka, bamvua ilikuwa imepita na maji yalikuwa mafu. Madonge yalishaingia kwenye mikoko. Mchu, aina ya mkoko, hupumua kwa vimizizi vinavyochomoza topeni kama penseli; vikifunikwa na mafuta mti hufa umesimama, na huenda miezi ikapita kabla hujaona majani yakipukutika. Watu wa Mombasa hawahitaji kuhadithiwa. Mikoko ya Makupa iliangamizwa na mafuta mwaka 1988.

Hapa tena sheria haikosekani. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1990 kuhusu kujiandaa na kukabili uchafuzi wa mafuta, ambao Kenya na Tanzania zimo, unazitaka nchi zirahisishe kuingia, kupita na kutoka kwa meli, ndege, watu na vifaa vya kukabili ajali ya namna hii. Kilichokosekana ni karatasi moja kwenye droo ya yule ofisa wa forodha. Kila semina hufunguliwa kwa maneno kwamba bahari haina mipaka. Sawa. Forodha inayo.

4. Mafuta yanayokuja si yale mliyojiandaa nayo.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na limekusudiwa kupitisha zaidi ya mapipa 200,000 kwa siku. Kama lilifaa kujengwa au halikufaa, hiyo ni barua nyingine na ina watu wake. Mimi nauliza swali la mvuvi. Mafuta yale yana nta nyingi kiasi kwamba bomba linapashwa moto njia nzima ili yasigande. Bahari yetu ina joto la digrii 26, 28 hivi. Yakimwagika humo yatakuwaje?

Yataganda. Yatakuwa mabonge yanayoelea, mengine yakizama nusu. Mashine za kunyonya mafuta mepesi zitanyonya maji. Dawa za kutawanyisha hazifui dafu mbele ya mafuta yaliyokwisha kuganda, na hata pale ambapo zingefaa, kuzimwaga kwenye maji ya kina kifupi juu ya matumbawe ni kuhamisha sumu kutoka juu kuipeleka chini waliko samaki. Mafuta kama haya yanataka nyavu maalumu, boti ndogo nyingi na watu wanaoijua miamba. Watu hao ni sisi. Boti hizo ni zetu. Je, yupo aliyeziorodhesha, upande wowote wa mpaka? Na kama nchi moja itaruhusu dawa fulani na jirani yake ameikataza, nani ataamua doa likiwa katikati ya mpaka?

5. Meli iliyo taabani husukumwa kwa jirani.

Hili nalipitia haraka, maana mnalijua kuliko mimi. Novemba 2002 meli ya mafuta Prestige ilipasuka ubavu karibu na Galicia, Hispania. Badala ya kupelekwa penye utulivu ipakuliwe mafuta, iliamriwa isogezwe mbali na pwani. Ureno nayo haikuitaka. Baada ya siku sita ikakatika vipande viwili na kuzama, na mafuta yake yakachafua pwani ya Hispania na kufika hadi Ufaransa. Kwetu, meli ikipasuka kati ya Pemba na bara usiku wa leo, itapelekwa wapi? Kama jibu litatafutwa usiku huo huo kwenye simu za mawaziri, tumekwisha.

6. Fidia inapotea kwa kukosa chupa.

Watu wengi, na maofisa wengine pia, wanadhani meli isipojulikana basi hakuna wa kudaiwa. Si lazima iwe hivyo. Kenya na Tanzania zote mbili ni wanachama wa Mfuko wa Fidia wa mwaka 1992, unaolipia madhara ya mafuta mazito kutoka meli za mafuta. Ukijumlisha anacholipa mwenye meli, fidia inaweza kufika SDR milioni 203 kwa tukio moja, SDR ikiwa ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Inalipia gharama za kusafisha, mali iliyoharibika, hata kipato alichopoteza mvuvi. Na mfuko huo unaweza kulipa hata kama meli yenyewe haikutambuliwa, mradi ithibitike kwamba mafuta yalitoka kwenye meli ya mafuta.

Ithibitike vipi? Mafuta yana alama zake, kama vidole vya mtu. Yanachukuliwa kidogo, yanawekwa kwenye chupa safi ya kioo, yanafungwa, yanaandikwa tarehe, mahali na jina la aliyechukua, yanatunzwa kwenye baridi, yanapelekwa maabara. Sampuli ya upande mmoja inalinganishwa na ya upande wa pili, na zote na ya meli inayoshukiwa.

Katika magunia yetu 63, hakuna aliyekuja kuchukua donge hata moja. Hakuna aliyeandika majarife mawili yale yalikuwa ya nani, wala siku ngapi tulikaa bila kwenda baharini. Na madai haya yana muda: miaka 3 tangu madhara yatokee, usipokuwa umelipwa wala hujafungua shauri, haki imekufa. Yetu imeshakufa. Siidai. Nataka ya atakayefuata isife.

Waheshimiwa, hapo nimeyamaliza manung'uniko. Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengi nimeshayasikia mbele ya meza.

Mtasema hakuna bajeti. Kwa meli za kuzoa mafuta na ndege za doria, nakubali, pesa ni nyingi. Lakini kubadilishana namba za simu kunagharimu nini? Karatasi ya forodha iliyosainiwa mapema inagharimu nini? Chupa ya kioo? Nimechagua kwa makusudi kuomba vitu ambavyo bajeti haiwezi kuwa kisingizio chake.

Mtasema kila nchi ina mamlaka yake, sheria zake, bendera yake. Ni kweli, na hakuna anayewaomba muiuze bendera. Desemba 1988 tishari Nestucca lilimwaga mafuta karibu na pwani ya jimbo la Washington, Marekani. Mafuta yakapanda na mkondo hadi kisiwa cha Vancouver, Kanada. Mwaka uliofuata, majimbo ya pwani ya magharibi ya Marekani na jimbo la British Columbia, Kanada, yaliunda kikosi kazi cha pamoja cha mafuta yanayomwagika, na kipo hadi leo. Sheria zao hazifanani, wala hawakungoja zifanane. Wale wa Bahari ya Kaskazini, huko Ulaya, walishatangulia: baada ya ajali ya meli ya mafuta Torrey Canyon ya mwaka 1967 waliandikiana Makubaliano ya Bonn mwaka 1969, kisha wakagawana bahari katika maeneo ya kuangaliwa, mengine wakaachiana kuyaangalia pamoja. Hao ni watu waliopigana vita viwili vikuu katika karne hiyo hiyo. Sisi wa pande mbili za mpaka huu tunazikana.

Mtasema matukio ni machache, na kwamba meli za mafuta zinazokuja kwetu hukaguliwa. MV Wakashio haikuwa meli ya mafuta, na wala haikuwa ikienda Mauritius. Ilikuwa meli ya shehena njiani kwenda Brazil. Ilipanda mwamba wa Mauritius Julai 25, 2020, na kuanza kuvuja Agosti 6. Yaani kulikuwa na siku 12. Takriban tani 1,000 za mafuta ya kuendeshea meli ziliingia kwenye maji ya pwani ile, na wananchi wakakesha wakishona vizuizi kwa majani makavu ya miwa na nywele. Msaada wa Ufaransa uliruka kutoka Réunion, jirani kabisa, lakini uliwasili mafuta yakiwa tayari majini. Mimi kila nikisoma habari ile huwa nakwama kwenye zile siku 12. Sisi tungezitumiaje? Naogopa tungezitumia kuulizana mwamba ni wa nani. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2023, meli nyingi zilizokuwa zikipita Bahari ya Shamu zimekuwa zikizunguka kwa kusini mwa Afrika, kwa hiyo zinazopita kwenye maji ya ukanda huu zimeongezeka.

Wapo watakaosema mwenye meli atalipa. Atalipa, akijulikana, ushahidi ukiwapo, na kwa kiwango ambacho sheria imemwekea. Rudini kwenye namba 6.

Na yupo mmoja, kijana mwenye adabu, aliyeniambia, "Mzee wangu, vituo vya kanda vimeshaanzishwa, usiwe na wasiwasi." Ni kweli, cha kubadilishana taarifa za baharini kipo Madagascar na cha kuratibu operesheni kipo Seychelles. Vizuri sana. Nikamuuliza diko letu litafikaje Seychelles ikiwa halijafika ofisi iliyo kilomita chache kutoka hapa? Akanyamaza. Simlaumu, swali halikuwa lake.

Ninachoomba, basi, ni haya.

Kwanza, kila nchi itangaze namba moja ya dharura ya baharini inayopokewa saa 24, na ipakwe rangi kwenye ubao katika kila diko na kila bandari ndogo, ikiwa pamoja na namba ya jirani. Anayepokea awajibike kumwarifu mwenzake wa upande wa pili ndani ya saa moja, chanzo kijulikane kisijulikane. Zanzibar iwemo kwa namba yake.

Pili, serikali za Kenya na Tanzania zisaini kabla, wakati bahari ni safi, orodha ya vifaa na watu watakaovuka mpaka bila ushuru na bila kusubiri pindi dharura inapotangazwa na upande wowote. Nakala iwe kwenye kila kituo cha mpakani, cha barabarani na cha majini. Mkishafaulu hapa, Msumbiji na Komoro watawaiga bila kushurutishwa.

Tatu, lifanyike zoezi la pamoja kila mwaka, msimu wa kusi, kati ya Tanga, Pemba na Vanga. Lisiwe zoezi la ukumbini lenye bahasha na mabango. Mwageni maganda ya machungwa majini, wataalamu wenu wanajua kwamba huelea na kusafiri karibu kama mafuta, halafu tuone nani anampigia nani na baada ya muda gani. Wavuvi wa pande zote wawemo na boti zao, waorodheshwe, walipwe mafuta ya mashine. Matokeo yatangazwe, hata yakiwa ya aibu. Hasa yakiwa ya aibu.

Nne, kila kikundi cha wavuvi kipatiwe sanduku dogo: glavu, chupa za sampuli, fomu ya kurekodi hasara, na mtu mmoja aliyefundishwa kuvitumia. Fomu iwe moja pande zote mbili, kwa Kiswahili, lugha ambayo haijawahi kukwama kwenye kituo chochote cha mpakani. Na itajwe wazi takataka za mafuta zitapelekwa wapi, na nani anayekuja kuzichukua.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 60 tangu barua hii itoke, na liwe la hadharani kama ilivyo barua yenyewe. Likisema haiwezekani, liseme ni lipi kati ya haya manne lisilowezekana na kwa sababu gani. Nitalisoma kwa wenzangu wa pande zote mbili, Ijumaa baada ya swala, pale pale chini ya mkungu.

Wenu katika ujenzi wa nchi zetu,

Katibu,
Kikundi cha wavuvi, diko la mpakani

Nakala:
Wabunge na wawakilishi wa majimbo na kaunti za pwani, pande zote.
Sekretarieti ya Mkataba wa Nairobi.
Ofisa wa forodha aliyetupa maji ya kunywa. Hii nitampelekea mwenyewe.